Kiti cha Askofu na Baraza la Makasisi

Mfasiri wa historia ya Kanisa la kale hukutana na maneno mawili ya Kigiriki, kathedra na sinthrono, na mara nyingi hushawishika kuyafasiri yote mawili kuwa "kiti cha enzi". Sisi twaona kwamba tafsiri hiyo yaficha jambo lenye maana.

Kathedra ni kiti, na hapo kale kilikuwa hasa alama ya mwalimu. Katika karne ya 4 na ya 5 askofu alihubiri ameketi, na mahali pengi waumini walimsikiliza wakiwa wima. Kanisa lenye kiti hicho ndilo lililokuja kuitwa kathedrali. Tunaposema "kanisa kuu" twataja ukuu, bali kiti chenyewe kimetoweka.

Sinthrono maana yake ni viti vya heshima vilivyo pamoja. Kilikuwa kikalio cha mawe kilichojengwa kufuata ukuta wa nusu duara, nyuma ya altare. Kitabu cha Maagizo ya Mitume, kilichotungwa Syria karibu na mwaka 380, chaagiza kiti cha askofu kiwe katikati, makasisi waketi kuume na kushoto kwake, nao mashemasi wasimame karibu. Mpango wa namna hiyo waonekana hata leo katika jengo la Hagia Eirene mjini Istanbul, lililojengwa upya baada ya ghasia za mwaka 532: vikalio vimepanda ngazi kwa ngazi ukutani.

Tukiandika "kiti cha enzi", msomaji atamwona mtawala aliyeketi peke yake. Kumbe askofu aliketi kati ya wenziwe. Tena neno la kufaa tunalo. Katika nyumba za mwambao, baraza ni kikalio cha mawe kilichoungana na ukuta. Na baraza vilevile ni watu walioketi kushauriana. Huenda mtu akapinga kwamba baraza hukaa nje, mlangoni. Ni kweli, lakini neno limekwisha kuingia ndani ya ofisi na mahakama bila kumtatiza yeyote.

Kwa hiyo twapendekeza kathedra iwe "kiti cha askofu", na sinthrono iwe "baraza la makasisi". "Kanisa kuu" limekwisha kuzoeleka, na hatuoni sababu ya kuling'oa. Ila mwalimu alifundishapo, na akitaje kile kiti.