Mita Mia Mbili (Sehemu ya Tano)

ILIPOISHIA: Mjomba alimwahidi kijana kwamba atasimama mita 200 kabla ya utepe, ameshika kitenge cha kijani. Siri hiyo waliijua wao wawili tu. Mshindi angeondoka na baiskeli ya gia. ENDELEA...

Makere waliipita wakiwa wanne. Wengine wote waliotoka nao Kibondo alfajiri walikuwa wamemwagika njiani, wengine karibu na Nduta, wengine kwenye vilima vya Mvugwe, minyororo imekatika au miguu imegoma.

Kijana alikuwa wa nne, tairi lake la mbele shubiri moja tu nyuma ya jamaa wa Kakonko mwenye fulana nyekundu. Zaidi ya kilomita 100, hajaongoza hata mara moja. Walimtukana kwa Kiswahili, wakamtukana kwa Kiha, yeye akainamisha kichwa kwenye usukani. Anayetangulia ndiye anayeupasua upepo. Aliyejificha mgongoni kwake anakwenda mwendo uleule huku akiba yake ya nguvu ikibaki, na mtu wa mbio za kumalizia hana mtaji mwingine.

"Mpwa wangu," Mjomba alimwambia jana yake, akikaza spoki, "Biniam Girmay kazaliwa Asmara, juu milimani kama sisi. Julai 2024, pale Turin, alijibana katikati ya kundi mpaka mwisho, ndipo akawatoka. Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France! Akaongeza mbili. Nîmes akaanguka, kesho yake akapanda tena, na jezi ya kijani akaifikisha Nice."

Ndiyo maana kitenge kilikuwa cha kijani.

Lakini Mjomba alimsimulia pia mbio za Gent-Wevelgem za Machi 2022. Siku ile nako walibaki wanne. Girmay hakungoja. Aliruka mapema, wenzake wakiwa bado wanaviziana, na Christophe Laporte wa Ufaransa alipozinduka hakuweza tena kumfikia.

"Sasa Mjomba, nisubiri au niruke?"

"Subiri kitenge. Wewe ukiinama vile huoni umbali. Mimi niliyesimama nauona."

Kasulu ikawapokea kwa honi za bodaboda. Watu walijaa pande zote mbili za lami, wanawake wameacha mafungu yao ya ndizi, watoto wamepanda juu ya matofali. Kasi ikapanda. Jamaa wa Kakonko akageuka mara moja, mara ya pili. Bado kona moja, halafu barabara iliyonyooka mpaka kwenye utepe.

Kabla ya kona, kushoto, kitenge cha kijani kikapepea.

Kijana alihisi tumbo linakaza. Hapa si pale walipokubaliana. Kutoka hapa zimebaki kama mita 500, na miguu iliyoamkia Kibondo haiwezi kuzimaliza kwa kasi ya mwisho. Ila kofia ya pama iliyochakaa, ile ya Mjomba, ilikuwa kichwani mwa aliyeshika kitenge, imeshushwa mpaka machoni.

Fulana nyekundu ikainuka kwenye kiti. Kakonko ameshaondoka!

Vidole vya kijana vikabana usukani, macho yakaenda kwenye mkono ulioshika kitenge. Kovu refu lilikata vidole vitatu. Kovu la mnyororo. Kijana alikuwepo siku mnyororo ule ulipovitafuna vidole vya kaka yake, kaka aliyemfundisha kuendesha, aliyeondoka usiku bila kuaga, ambaye mama alishamkalia matanga.

"Ruka, mdogo wangu! Ruka sasa!"

Na kule mbele, kona inapoishia, kitenge cha pili cha kijani kikainuliwa juu.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO