Kitabu kifupi si njia ya mkato

Kila mwaka ukikaribia kuisha, swali hili hurudi kwa wale waliojiwekea lengo la kusoma vitabu 12, 24 au hata 52: ni vitabu gani vifupi vya hadithi za sayansi na fantasia ninavyoweza kumaliza kabla ya Desemba 31? Na kila mara hatakosekana mtu wa kukemea kwamba huko ni kudanganya hesabu. Eti kitabu cha kurasa 100 kitahesabiwaje sawa na cha kurasa 600?

Kazi yangu ni kuandika programu, na katika kazi hii hakuna anayesifiwa kwa wingi wa mistari. Lakini jibu bora linatoka kwenye historia. Mara nyingi unene wa kitabu umeamuliwa na bei, mashine na rafu za wauzaji, wala si ukubwa wa wazo lililomo. Hebu tuanzie Uingereza ya karne ya 19.

Maktaba iliyopenda juzuu tatu

Wakati huo riwaya mpya ya heshima ilitolewa kwa juzuu tatu, na bei yake ilikuwa shilingi 31 na peni 6. Watu wachache sana waliweza kuinunua. Wengi walijiandikisha kwenye maktaba za kukodisha, na iliyokuwa na nguvu kuliko zote ni ile ya Charles Edward Mudie, iliyoanza mwaka 1842. Kwa ada ya gini 1 kwa mwaka, yaani shilingi 21, mwanachama aliruhusiwa kuchukua juzuu moja kwa wakati mmoja.

Umeuona ujanja wake? Riwaya moja ikikatwa mara tatu, wasomaji watatu wanaisoma kwa pamoja, kila mmoja na juzuu yake. Anayetaka kuchukua zaidi ya juzuu moja kwa mkupuo atalipa ada kubwa zaidi. Maktaba ikapata faida, mchapishaji akapata mnunuzi wa uhakika, na mwandishi akalazimika kuvuta hadithi hadi ijaze juzuu tatu, awe na la kusema au asiwe nalo.

Walikuwapo waliopita pembeni. Mwaka 1886 Robert Louis Stevenson alitoa Strange Case of Dr Jekyll and Mr Hyde, kitabu chembamba chenye jalada la karatasi, kwa shilingi 1. Msomaji wa kawaida aliweza kukinunua bila kupitia maktaba yoyote.

Mwaka 1894 Mudie na kampuni ya W. H. Smith walitangaza kwamba hawatalipa tena zaidi ya shilingi 4 kwa juzuu, na mfumo wa juzuu tatu ukaporomoka. Mwaka uliofuata, 1895, kijana aitwaye H. G. Wells akachapisha The Time Machine, yenye maneno kama 32,000. Toleo la jalada la karatasi liliuzwa kwa shilingi 1 na peni 6. Piga hesabu: kwa bei ya riwaya moja ya juzuu tatu ungepata nakala 21 za kitabu hicho. Na ni kitabu hicho kilichotuachia wazo la mashine ya kusafiri katika wakati, ambalo filamu na vitabu vinakopa mpaka leo.

Sarafu kwenye taipureta

Tuvuke bahari hadi Marekani. Huko hadithi za sayansi zilikulia kwenye majarida ya bei rahisi. Amazing Stories la Hugo Gernsback lilianza Aprili 1926 na lilikuwa jarida la kwanza la Kiingereza lililojitolea kwa hadithi hizo peke yake. Jarida lina kurasa za kuhesabu, na kila hadithi hugombea nafasi na nyenzake. Kwa hivyo waandishi walijifunza kulitaja wazo, kulijaribu, kisha kuondoka.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Ray Bradbury. Mwaka 1950 alikuwa na mtoto mdogo nyumbani na hakuwa na pesa za kukodi ofisi. Akagundua kwamba chini ya maktaba ya chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, kuna taipureta za kukodi: unatumbukiza sarafu ya senti 10, unapiga chapa kwa nusu saa, kisha mashine inasimama. Kwa siku 9 alitumia dola 9 na senti 80. Hizo ni nusu saa 98, yaani saa 49, na mwishoni alikuwa na hadithi ya maneno 25,000 hivi. Sisi tuliowahi kulipia saiba kwa dakika tunaijua hali hiyo, macho moja kwenye kazi na moja kwenye saa.

Hadithi hiyo, The Fireman, ilitoka katika jarida la Galaxy mwezi Februari 1951. Baadaye aliirefusha, na mwaka 1953 ikawa Fahrenheit 451, kitabu kinachohusu nchi ambamo kazi ya wazimamoto ni kuchoma vitabu. Hata baada ya kurefushwa bado ni chembamba.

Mwaka huohuo wa 1951, kwetu Afrika Mashariki, Shaaban Robert alichapisha Kusadikika, nchi iliyo angani. Wengi hukifundisha kama kitabu cha maadili, lakini ukikisoma kwa jicho la fantasia utaona nchi nzima inayoelea hewani, na wajumbe wanaotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini. Karama, anayeshtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria, anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliorudi na maarifa wakaishia kuadhibiwa. Bradbury na Shaaban Robert walikuwa mbali kabisa, lakini wote wawili waliuliza nchi inayoogopa maarifa huwafanya nini wanaoyabeba. Na wote wawili waliuliza kwa kurasa chache.

Vitabu viwili mgongo kwa mgongo

Mwaka 1952 kampuni ya Ace Books ya New York ilianza kutoa vitabu viwili ndani ya jalada moja. Unasoma kimoja hadi katikati, kisha unakipindua kichwa chini na kuanza cha pili, chenye picha yake ya mbele. Bei ya mwanzo ilikuwa senti 35 kwa vyote viwili. Ili bei isimame, kurasa hazikuruhusiwa kuzidi. The Jewels of Aptor, kitabu cha kwanza cha Samuel Delany, kilikatwa mwaka 1962 ili kitoshe, na sehemu zilizokatwa zilirudishwa baadaye. Mpango huo uliumiza, lakini pia ulifungua mlango: Solar Lottery ya Philip K. Dick (1955) na Rocannon's World ya Ursula K. Le Guin (1966), riwaya zao za kwanza kuchapishwa, zilitoka kwa njia hiyo.

Kisha vikaja vitabu vinene kama Dune ya 1965, na rafu zikajaa mifululizo isiyokwisha. Ufupi ulirudi pale vitabu vya kielektroniki vilipoanza kuuzwa, kwa sababu faili haina unene. Mwaka 2015 Tor.com ilianza kutoa vitabu vyake vyembamba, na miongoni mwa vya kwanza ni Binti ya Nnedi Okorafor, jina ambalo msomaji wa Kiswahili halitafutii kamusi. Kilishinda tuzo za Nebula na Hugo katika kundi la novela, ambalo ni la maneno 17,500 hadi 40,000.

Basi usome nini?

Kwa anayefukuzana na Desemba, anza na hivi: The Time Machine, Jekyll and Hyde, Kusadikika, Fahrenheit 451 na Binti. Ukisoma maneno 200 kwa dakika, The Time Machine itakuchukua saa 2 na dakika 40. Faili yake ya maandishi matupu ingeingia kwenye disketi ya zamani zaidi ya mara 5. Ukitaka cha sita, kiongeze Walenisi cha Mkenya Katama Mkangi (1995), safari ya Dzombo hadi nchi ambayo jina lake ukilikata vipande linasomeka "wale ni sisi".

Akija wa kukuambia umedanganya hesabu, muulize kama anahesabu vitabu au anapima karatasi. Wale waandishi wa juzuu tatu walilipwa kwa kujaza karatasi, na wengi wao leo hata majina yao hatuyajui. Wells tunaye bado.