Kambi, Kampasi na Kampeni: Watoto wa Mama Mmoja

Kila mwaka tunapofundisha mada ya maneno ya mkopo, wanafunzi hutuletea orodha zile zile: meza, shule, benki, baiskeli. Safari hii mmoja wao alileta neno dogo lililotushughulisha wiki nzima, nalo ni kambi. Alitaka kujua kwa nini Dzaleka, nchini Malawi, huitwa kambi ilhali watu wamezaliwa, wameoana na kuzikana pale kwa zaidi ya miaka 30. Katika makala haya tutajaribu kumjibu.

Tuanze na asili. Kamusi hulihesabu kambi kuwa limetokana na neno la Kiingereza camp. Waingereza nao walilipata kwa Wafaransa, na shina lake ni campus la Kilatini, yaani uwanja ulio wazi. Mjini Roma palikuwa na uwanja ulioitwa Campus Martius ambapo askari walifanya mazoezi. Hivyo neno la uwanja likawa jina la mahali jeshi linapolala katika mahema.

Shina hilo limezaa maneno mengine mawili tunayoyatumia kila siku. Katika karne ya 18, chuo cha Princeton huko Marekani kilianza kuuita uwanja wake campus. Nasi leo tunasema kampasi. Aidha, msimu wa jeshi kutoka na kupigana uwandani uliitwa campaign, kisha wanasiasa wakaliazima neno hilo, nasi tukapata kampeni. Kwa hiyo mwanafunzi anayefanya kampeni kampasini hajatoka mbali na kambi.

Je, Waswahili walisemaje? Walikuwa na ago na dago. Wavuvi wa mwambao huenda dago: huhamia ufuko wa mbali msimu wa samaki, hujenga vibanda, na msimu ukiisha hurejea kwao. Wazee walituonya kwamba ago halinyelewi, kwani huenda ukarudi papo hapo. Tuzingatie kwamba mwenye dago huja kwa hiari na kuondoka kwa hiari, na kwao kupo.

Matumizi ya kambi siku hizi ni mengi. Timu ya mpira huingia kambini kabla ya mechi. Waumini wa Kisabato hukutana kila mwaka kwenye makambi. Bungeni kuna kambi ya upinzani. Madaktari nao hupiga kambi wilayani kutibu watu kwa siku chache. Tukiacha ile ya bungeni, zote zina jambo moja: siku ya kuvunja kambi inajulikana, au angalau inatarajiwa.

Sasa twende Dzaleka. Iko wilaya ya Dowa, kaskazini mwa Lilongwe. Enzi za Rais Hastings Kamuzu Banda palikuwa gereza, na wapinzani wa kisiasa walifungwa humo. Jina lenyewe la Kichewa lina maana ya kuacha, kana kwamba mfungwa anaahidi kuwa hatarudia tena. Mwaka 1994 pakafunguliwa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo wamezidi 50,000, wengi wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili husikika sokoni na makanisani, na tamasha lililoanzishwa pale mwaka 2014 linaitwa Tumaini.

Malawi iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kwa masharti kadhaa, yakiwemo yahusuyo kazi na uhuru wa kwenda watakako. Mkimbizi hutarajiwa kuishi kambini. Hata hivyo, wengi walifungua maduka Lilongwe na miji mingine. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru warudi Dzaleka, na mwezi Mei mwaka huo polisi wakaanza kuwakamata waliobaki mjini. Hapo ndipo tunapoona uzito wa neno. Kwa mchezaji, kurudi kambini ni kurudi mazoezini. Kwa mwenye duka wa Lilongwe, ilikuwa kupoteza duka, na watoto kukatishwa shule.

Tanzania inatupa mfano wa kulinganisha. Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walikopelekwa Warundi waliokimbia mwaka 1972, huitwa makazi. Nyumba zilikuja pamoja na mashamba, na kuanzia 2014 zaidi ya watu 160,000 walipewa vyeti vya uraia. Nyarugusu, iliyofunguliwa Kigoma mwaka 1996, huitwa kambi. Makazi hutokana na kukaa. Kambi hungoja kuvunjwa. Hatusemi kwamba jina ndilo lililoleta shamba au uraia, la hasha. Jina lilifuata sera. Lakini jina likishazoeleka huifanya sera ionekane kuwa ni maumbile.

Hivyo basi, jibu letu kwa mwanafunzi ni hili: Dzaleka huitwa kambi kwa sababu waliopaita hivyo walidhani, au walitaka, watu waondoke. Tunawashauri walimu wenzetu, mnapofundisha neno hili, msiishie kwenye asili yake. Waulizeni wanafunzi nani anaruhusiwa kuivunja kambi. Tukumbuke pia kwamba tangu mwaka 2010 Wajesuiti wamekuwa wakitoa masomo ya elimu ya juu Dzaleka. Ndani ya kambi, basi, mna kampasi, na ndugu hao wawili wamekutana tena.