Ujazo wa injini

Ujazo wa injini ni jumla ya nafasi ambayo pistoni zote za injini hupitia ndani ya silinda zinapotoka sehemu ya chini kabisa hadi sehemu ya juu kabisa. Hupimwa kwa sentimita za ujazo (kifupi: cc) au kwa lita; cc 1000 ni sawa na lita 1. Ujazo huu hauhusiani na ukubwa wa umbo la injini kwa nje, wala na kiasi cha oili au mafuta kinachoingia katika gari.

Nchini Tanzania ujazo wa injini ni kati ya mambo ya kwanza ambayo mnunuzi wa gari huuliza, kwa sababu unagusa kodi, matumizi ya mafuta na upatikanaji wa vipuri.

Jinsi ya kukokotoa

Ujazo wa silinda moja hupatikana kama ujazo wa mcheduara wowote: nusu ya kipenyo cha silinda huzidishwa kwa yenyewe, kisha kwa pai (3.1416), kisha kwa urefu wa mwendo wa pistoni. Jibu huzidishwa kwa idadi ya silinda.

Kwa mfano, injini ya Toyota 1NZ-FE, inayopatikana katika baadhi ya magari ya Toyota IST, ina silinda 4 zenye kipenyo cha sentimita 7.5 na mwendo wa pistoni wa sentimita 8.47:

3.1416 × 3.75 × 3.75 × 8.47 × 4 = takriban cc 1496.8

Ndiyo maana injini hiyohiyo huandikwa cc 1496 katika hati za Japani, ambako desimali hukatwa, na cc 1497 kwingineko. Katika mazungumzo huitwa injini ya cc 1500 au ya lita 1.5.

Jinsi ya kutambua ujazo wa injini ya gari

* Kadi ya gari. Kadi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) huonyesha ujazo wa injini pamoja na namba ya injini na namba ya chesisi.
* Kibati cha mtengenezaji. Magari mengi ya Toyota yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana kibati cha chuma chini ya boneti, chenye aina ya gari, aina ya injini na cc zake.
* Cheti cha kusafirisha gari kutoka Japani. Humo ujazo huandikwa kwa lita, kwa mfano 1.49.
* Alama za aina ya gari. Toyota IST yenye alama NCP60 ina injini ya 2NZ-FE ya cc 1298, na yenye alama NCP61 ina 1NZ-FE.
* Alama kwenye bloku ya injini. Aina ya injini huandikwa kwenye chuma chenyewe, na ujazo wake hujulikana kutokana na aina hiyo.

Njia ya mwisho ndiyo ya kutegemewa zaidi kwa gari lililotumika, kwa sababu injini inaweza kuwa imebadilishwa. Kadi, kibati na alama za aina ya gari hueleza injini ya awali kama taarifa hazikurekebishwa. Kwa hiyo mnunuzi hulinganisha namba iliyo kwenye injini na ile iliyo kwenye kadi kabla ya kulipa. Zisipolingana, anaweza kupata shida ya kuhamisha umiliki, au kununua vipuri visivyoingia.

Ujazo na kodi

Katika viwango vya ushuru wa bidhaa vilivyotumika Tanzania miaka ya 2010, magari ya abiria yasiyozidi cc 1000 hayakutozwa ushuru huo, yenye zaidi ya cc 1000 hadi 2000 yalitozwa asilimia 5, na yanayozidi cc 2000 asilimia 10. Hivyo Toyota RAV4 yenye injini ya 1AZ (cc 1998) na nyingine yenye 2AZ (cc 2362) ziliangukia katika makundi tofauti. Umri wa gari huhesabiwa kando.

Ada ya mwaka ya leseni ya gari nayo ilitegemea cc hadi ilipofutwa mwaka 2017. Badala yake ushuru wa mafuta uliongezwa kwa shilingi 40 kwa lita.

Nchini Japani pia kodi ya mwaka ya magari hupanda kwa ngazi za cc 500, na magari madogo ya daraja la chini hayaruhusiwi kuzidi cc 660. Ndiyo sababu injini nyingi za huko huishia chini kidogo ya 1000, 1500 au 2000. Suzuki Carry, maarufu Tanzania kwa jina la "Kirikuu", mara nyingi ni ya daraja hilo la cc 660.

Ujazo na kazi ya chombo

Katika maeneo ya kilimo cha pamba kama Dutwa, wilayani Bariadi, mkoa wa Simiyu, tofauti za ujazo huonekana barabarani. Pikipiki za bodaboda kwa kawaida ni za cc 100 hadi 150. Bajaj Boxer 150 kwa hakika ina cc 144.8. Lori la Mitsubishi Fuso lenye injini ya 6D16 lina silinda 6 na cc 7545, takriban mara 52 ya pikipiki hiyo.

Kwa kawaida injini yenye ujazo mkubwa huvuta hewa na mafuta mengi zaidi kila mzunguko, hivyo hutoa nguvu zaidi. Hata hivyo cc peke yake haitoshi kukadiria matumizi ya mafuta. Gari la cc 1000 lililojazwa abiria na mizigo na kupandishwa mlima kwa nguvu zote linaweza kutumia mafuta kuliko la cc 1500 linalofanya kazi hiyo bila kulemewa. Uzito wa gari, gia, hali ya injini na uendeshaji vyote huchangia. Injini yenye turbo hutoa nguvu zaidi bila kuongezewa ujazo.

Magari ya umeme hayana silinda, kwa hiyo hayana cc. Nguvu za mota zake hupimwa kwa kilowati.