Wanja wa Misri na Ugomvi wa Risasi

Jumba Kuu la Makumbusho la Misri lilifunguliwa rasmi Novemba 1, 2025, jirani na piramidi za Giza, na kivutio chake kikubwa ni kinyago cha dhahabu cha Tutankhamun. Ukikiona, hata pichani, tazama macho. Yamezungushiwa mstari mnene unaovuka pembe ya jicho kuelekea sikioni. Fundi hakuupaka, alichonga jiwe la buluu la lapis lazuli akalipachika kwenye dhahabu. Hata kaburini mfalme alitakiwa awe amepakwa wanja.

Wamisri wa kale, wanaume kwa wanawake, walianza na unga wa kijani wa malakiti, kisha weusi ukatawala. Weusi huo ulitoka kwenye galena, jiwe zito linalong'aa ambalo ndani yake mna madini ya risasi. Walilisaga, wakalichanganya na mafuta, wakalihifadhi katika vichupa na kulipaka kwa kijiti.

Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa: wanja huo wa risasi ulikuwa dawa au sumu? Mwaka 1999 mkemia Mfaransa Philippe Walter na wenzake walichapisha matokeo ya kuchunguza masalia yaliyobaki katika vichupa vya wanja vya jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Mbali na galena, walikuta chumvi mbili za risasi, laurionaiti na fosgenaiti, ambazo ni adimu mno katika maumbile. Maana yake ni kwamba zilitengenezwa. Oksaidi ya risasi ililowekwa katika maji yenye chumvi, yakabadilishwa kila siku kwa wiki kadhaa. Nani angejisumbua hivyo kwa urembo mtupu? Mafunjo ya Ebers, kitabu cha tiba cha Misri chenye umri wa zaidi ya miaka 3,500, yanataja dawa za macho za aina hiyo.

Mwaka 2010 Walter, safari hii akiwa na mkemia Christian Amatore, alipiga hatua nyingine. Walitia kiasi kidogo sana cha risasi kwenye seli za ngozi ya binadamu maabarani, na seli zikazalisha oksaidi ya nitriki kwa wingi zaidi, hadi asilimia 240. Kemikali hiyo huamsha kinga ya mwili. Magazeti ya dunia yakashangilia: Wamisri walijikinga na maradhi ya macho kwa wanja wao!

Shangwe hizo zilipita kiasi. Seli za maabara si jicho la mtoto. Mwaka 2012 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilieleza habari za mtoto wa miezi sita wa Boston aliyekutwa na risasi katika damu. Wazazi wake walikuwa wakimpaka tiro, wanja kutoka Nigeria, na ulipopimwa asilimia 82.6 yake ilikuwa risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto hupangusa macho, kisha hunyonya vidole.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Huku Pwani wanja wa manga ulikuja na biashara ya Uarabuni, na mpaka leo kichanga hupakwa kukingwa na kijicho. Naupenda urithi huo, na ndiyo maana inaniuma kuona unga mweusi ukiuzwa katika vikopo visivyo na neno lolote juu ya kilichomo.

Wanja haukubaki unga tu: karne ya 20 ikaleta wa penseli. Mwaka 1963 filamu ya Cleopatra ya Elizabeth Taylor ikayarudisha macho ya Kimisri katika mitindo, na wanja laini wa kutawanywa kwa kidole umebaki hadi leo kuwa rafiki wa mwenye haraka asubuhi. Ulaini wake hutokana na nta na mafuta. Ujaribu mgongoni mwa mkono: uteleze bila kukwaruza, ukubali kutawanyika mara tu unapopakwa, kisha utulie. Machoni, chora karibu kabisa na kope, hata mstari ukipinda, halafu uvutie nje kwa ncha ya kidole safi. Kabla ya kulipa, geuza pakiti utafute namba ya rangi CI 77499, oksaidi nyeusi ya chuma, au CI 77266, weusi wa kaboni. Pakiti isiyotaja viungo irudishe kwa muuzaji.