Kuhamia kilimo hai katika mazao ya kudumu

Kuhamia kilimo hai katika mazao ya kudumu ni kuliondoa shamba la mikorosho, minazi, kahawa, michungwa au miti mingine ya miaka mingi katika matumizi ya mbolea za viwandani na viuatilifu vya kemikali. Mkulima wa mahindi huanza upya kila msimu. Mwenye mikorosho hubadili utunzaji huku miti ile ile imesimama na inazaa.

Kanuni za Umoja wa Ulaya hudai kipindi cha mpito cha miaka 3 kabla ya mavuno ya kwanza ya mazao ya kudumu yanayohesabiwa kuwa ya kilimo hai, dhidi ya miaka 2 kabla ya kupanda mazao ya msimu. Afrika Mashariki ina kiwango chake tangu 2007, chenye alama ya Kilimohai. Mzigo wa mpito humwelemea mkulima: anaacha dawa alizozizoea, mavuno yanaweza kupungua, na bado hauzi kwa bei ya kilimo hai.

Kazi kubwa zaidi ni kuwarudisha wadudu rafiki. Katika mikorosho ya pwani ya Afrika Mashariki, mbu wa mikorosho hufyonza machipukizi mapya hadi yanakuwa meusi na kukauka. Adui yake ni majimoto, sisimizi wekundu wanaoshona majani mabichi kuwa viota kwa nyuzi zinazotolewa na mabuu yao. Dawa inayopulizwa kuua mbu huwaua na wao. Mkulima anaweza kuhamishia viota kwenye miti isiyo navyo na kufunga kamba toka mti hadi mti ili wapite bila kushuka chini, ambako sisimizi wengine huwashambulia. Majimoto huuma vikali, na mchuma maembe au machungwa huteseka nao. Korosho huokotwa chini, hivyo adha yao hapo ni ndogo.

Ubwiriunga, ukungu unaoharibu maua ya mkorosho, una njia nyepesi zaidi: viwango vingi vya kilimo hai huruhusu salfa. Hata hivyo, ikitumika kwa wingi huongeza tindikali ya udongo, kwa hiyo kupogoa matawi ili hewa na mwanga vipenye kutangulie.

Vumbi la dawa ya jirani likipeperukia shambani linaweza kumnyima mkulima cheti. Kwa sababu hiyo wakulima wadogo wanaopakana hufaidika wakihama pamoja, na kikundi chenye wakaguzi wake wa ndani kinaweza kupata cheti kimoja na kugawana gharama.