Kiwengwa kwa gari la shamba: Kufika, kuzunguka na kurudi mjini

Msafiri anaweza kutoka Forodhani asubuhi, akaogelea Kiwengwa na kurudi mjini siku hiyo hiyo bila kukodi teksi. Kwenda siyo kazi. Wengi hukwama kwenye kuzunguka wakishafika, na kwenye kurudi.

Kiwengwa ni kijiji cha pwani ya kaskazini mashariki ya Unguja, Wilaya ya Kaskazini B. Kaskazini yake kuna Pwani Mchangani, kusini kuna Pongwe. Hoteli zimejipanga ufukweni, nyingi zikipokea Waitaliano, hadi vijana wa ufukweni husalimia kwa Kiitaliano kabla ya Kiswahili. Nyumba za wenyeji ziko nyuma ya hoteli hizo, na ndiko daladala zinakofika.

Soma namba ya gari

Gari la Kiwengwa ni 117.

Namba za daladala za Unguja zina mpangilio wake. Zinazoanza na 1 zinakwenda kaskazini: 116 Nungwi, 117 Kiwengwa, 118 Matemwe. Zinazoanza na 2 ni za upande wa Chwaka, Uroa na Pongwe. Zinazoanza na 3 ni za kusini, kama 309 ya Jambiani na 310 ya Makunduchi. Za 5 ni za mjini na vitongoji vyake, ikiwemo 505 ya uwanja wa ndege.

Ukilijua hilo, hupotei. Ila kuna mtego mmoja: kwenye ramani Pongwe na Kiwengwa ni majirani kabisa, lakini gari la Pongwe ni 209 na linapita barabara nyingine. Aliyepanda 209 akidhani atashuka Kiwengwa atalazimika kutafuta bodaboda.

Anayetoka Dar es Salaam kwa boti ya mwendo kasi hutumia takriban saa mbili hadi bandari ya Malindi. Kitambulisho ni lazima wakati wa kukata tiketi. Mgeni asiye mkazi kutoka nje ya nchi anatakiwa pia kuwa na bima ya safari ya Zanzibar, dola 44, utaratibu ulioanza Oktoba 1, 2024. Hapo bandarini watakaojitokeza kwanza ni madereva wa teksi. Wasikilize, kisha uliza gari za shamba. Kwa Mzanzibari, "shamba" ni kokote nje ya mji, hata kama ni ufukweni.

Gari linapita Mahonda hadi Kinyasini, kisha linakata kulia kuelekea baharini. Kwa teksi ni kama saa moja. Kwa daladala hesabu saa moja na nusu au zaidi, maana linasimama kila anapoita mtu, na juu ya paa kunaweza kuwa na magunia, baiskeli, hata kitanda. Nauli ni shilingi elfu chache tu, wakati teksi inahesabiwa kwa makumi ya dola. Weka noti ndogo. Utingo hana chenji ya elfu kumi asubuhi.

Shuka kabla ya kijiji

Wengi wanaupita msitu wa hifadhi wa Kiwengwa-Pongwe bila kujua. Lango lake liko kwenye barabara hiyo hiyo ya kutoka Kinyasini, kabla ya kijiji. Mwambie utingo mapema kwamba unashuka mapangoni, Mchekeni.

Mapango hayo yako kwenye jiwe la matumbawe, na ndani mawe yananing'inia kutoka juu na mengine yanachomoza kutoka chini, yaliyojengwa na matone ya maji kwa miaka mingi mno. Msitu una kima punju, nyani mwekundu ambaye asili yake ni Unguja tu duniani kote. Unaingia kwa kiingilio na mwongozaji. Vaa viatu vilivyofunika mguu, na beba tochi. Ya simu inamaliza chaji upesi. Ni vizuri kuanza na hapa asubuhi, jua likiwa halijakolea.

Saa ya pili ni ya bahari

Kati ya Kiwengwa na Pwani Mchangani njia nzuri kuliko zote ni mchanga wenyewe, kwa miguu. Lakini inafunguka maji yakitoka tu. Pwani hii maji hukupwa mbali sana, hadi bahari inaonekana kama mstari mweupe kwenye mwamba.

Kanuni ya kukumbuka ni hii. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hutoka kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Kila siku inayofuata muda husogea mbele kwa kama dakika 50. Siku za maji mafu, wiki moja baadaye, mambo yanageuka: asubuhi maji yamejaa, jioni yametoka.

Aliyeondoka saa nne siku ya bamvua na kukaa kula hadi saa tisa atakuta njia imemezwa. Maji yatakuwa yanagonga kuta za hoteli na majabali, na siyo kila mlinzi atamruhusu mtu kukatiza ndani. Hapo ni kutoka hadi barabarani na kuchukua bodaboda. Bei ipatane kabla ya kupanda, siyo baada ya kushuka.

Maji yakiwa yametoka, usikanyage vigingi na kamba unazoziona mchangani. Ni mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza kibiashara Unguja mwaka 1989 na ambacho kinafanywa zaidi na kina mama. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Miambani pia kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi, kwa hiyo peku siyo wazo zuri. Na ukiingia kijijini, funika mabega na magoti.

Kurudi

Jioni gari hupungua haraka. Ukishuka tu asubuhi, muulize utingo gari la mwisho linaondoka saa ngapi, halafu jipange kupanda lile linalolitangulia. Wafanyakazi wa hoteli wanaotoka zamu nao wanalisubiri la mwisho, na mwenye begi kubwa ndiye anayeambiwa asogee kwanza. Ijumaa mchana madereva husimama kwa ajili ya sala. Wakati wa Ramadhani mwendo wote hubadilika kuelekea futari, na anayefika kituoni magharibi anaweza kukuta barabara tupu na harufu ya mihogo ya nazi.